Kumsemea mtu usiyemwamini: nilichojifunza kwa wakili Lincoln

Mkalimani wa mahakamani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi". Mshtakiwa akisema "sikumgusa", nami nasema vilevile kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza: sikumgusa. Jaji anamtazama mshtakiwa, lakini sauti anayoisikia ni yangu. Nikiwa na neno langu mwenyewe, labda sikusikia vizuri, najitaja kama vile namzungumzia mtu mwingine: "Mkalimani anaomba shahidi arudie." Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyoapa.

Kazi hii naifanya Illinois, upande wa Rock Island na Moline, ukingoni mwa Mto Mississippi. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Nimekua nikiwaona Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakaa nao tena kwenye chumba cha mahakama Marekani, mama wa watu akiniita "yaya", yaani dada kwa Kiswahili chao, na kuniambia, "Nilimulipa garanti yote", nami nimtafsirie wakili kwamba anazungumzia ile pesa ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba kabla ya kuhamia. Kiswahili chao na changu kila kimoja kina njia zake, ila tunafika.

Siku iliyonifikisha kwa Lincoln haikuwa ya garanti. Ilikuwa shauri la mume na mke. Mambo madogomadogo nimeyageuza, kwa sababu siri ya watu si mali yangu. Mke alikuwa anaomba amri ya kumzuia mume asimkaribie. Nilianza kumsemea mke. Nilisema kwa kinywa changu namna alivyoburutwa, mlango upi ulifungwa, mtoto yupi alikuwa macho. Kisha zamu ikawa ya mume, na hakukuwa na mkalimani wa pili. Nikasema: huyu mwanamke ni mwongo, sijawahi kumpiga, anataka tu karatasi za nyumba. Nilisema kwa ukali uleule alioutumia yeye, maana ndiyo kazi. Ukilainisha maneno ya mtu umemdhulumu, ukiyatia chumvi umemdhulumu pia. Yule mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

Jaji alimpa amri aliyoiomba. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye benchi la korido nikisubiri shauri jingine, nikamweleza wakili mmoja mzee kilichonisumbua, bila kutaja nani ni nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata Lincoln aliwahi kumsimamia mwenye watumwa mahakamani. Nilidhani nimesikia vibaya. Huku Illinois namba za magari zimeandikwa "Nchi ya Lincoln". Sura yake iko kwenye sarafu ya senti moja. Shuleni kwetu tulimjua kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye rais wa Marekani aliyewaacha huru watumwa. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Kumbe kabla ya yote alikuwa wakili wa mashauri madogo. Alizaliwa Kentucky mwaka 1809, na masomo yake yote ya darasani ukiyajumlisha hayafiki mwaka mmoja. Alipokuwa kijana katika kijiji cha New Salem alifungua duka na mwenzake, duka likafa, mwenzake naye akafa, na deni likamwangukia yeye. Farasi wake na vifaa vyake vya kupimia ardhi vilikamatwa vikapigwa mnada. Alilipa deni lile kwa miaka mingi. Sheria alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, hasa vya wakili John Todd Stuart, akapata leseni mwaka 1836. Siasa ilikuwa imeshamwingia: aligombea Bunge la jimbo mwaka 1832 akashindwa, akarudi mwaka 1834 akashinda. Kwa hiyo tusemapo wakili aliyegeuka mwanasiasa, kwake vitu hivyo viwili vilikua pamoja kama mapacha.

Aprili 1837 alihamia Springfield akiwa hana hata godoro. Joshua Speed, mwenye duka, alimkaribisha ghorofani, wakalala kitanda kimoja kwa miaka karibu minne. Masika na vuli aliondoka na jaji na mawakili wenzake kuzunguka miji ya wilaya, kwa farasi au kigari, mamia ya maili. Mahakama ilikuwa inamfuata mwananchi. Mteja unakutana naye asubuhi, mchana unasimama kumtetea. Kwa takriban miaka 25 alishughulikia mashauri zaidi ya 5,000, na mengi yalikuwa ya madeni: hati ya ahadi ya kulipa, ng'ombe, uzio, mbegu ambazo hazikuota. Ada ya kawaida ilikuwa dola tano, kumi, ishirini.

Mtu anayekaa mahakamani kila siku anajua thamani ya mashauri ya namna hiyo. Huko ndiko unakojifunza kwamba mtu anayezungumzia uzio anazungumzia kudharauliwa. Kuna maandishi yake ya karibu mwaka 1850, aliyoyaandaa kwa ajili ya kuwafundisha mawakili, ambapo anawasihi wawashawishi majirani wapatane wanapoweza, kwa kuwa hata anayeshinda mahakamani mara nyingi anakuwa ameshindwa kwa gharama na muda. Anasema wakili kama mpatanishi ana nafasi kubwa ya kuwa mtu mwema, na kazi haitamwishia. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: dakika kumi za korido zinamaliza mgogoro ambao ukumbini ungechukua miezi sita. Juzi tu mama mmoja alikubali kurudishiwa theluthi mbili ya garanti yake, akapokea hundi siku hiyohiyo, akawanunulia watoto makoti kabla theluji haijaanguka.

Hata mji ninaoishi una kovu la kazi yake. Mwaka 1856 lilifunguliwa hapa daraja la kwanza la reli kuvuka Mississippi, kati ya Rock Island na Davenport. Halikumaliza hata mwezi mmoja kabla meli ya mvuke iitwayo Effie Afton haijaligonga na kuwaka moto. Wenye meli wakashtaki. Lincoln akaajiriwa na upande wa daraja, akaja mwenyewe kuukagua mto, mkondo wake na kasi ya maji, na Septemba 1857 akasimama Chicago kueleza. Hoja yake ya msingi ilikuwa nyepesi kuelewa: anayetaka kuvuka mto ana haki sawa na anayetaka kupanda au kuteremka nao. Juri, yaani raia walioitwa kuamua shauri, haikukubaliana, daraja likabaki. Nikipita pale jioni huwa nayatazama maji na kumwaza yule mtu mrefu akiulizia mkondo unakwenda upande gani. Alikuwa haanzi kusema kabla hajajua.

Lakini neno la yule mzee wa korido lilikuwa bado limenikaa kooni. Nikalitafuta shauri lenyewe.

Robert Matson alikuwa Mkentucky mwenye shamba pia Illinois, katika wilaya ya Coles. Illinois haikuruhusu utumwa, kwa hiyo alikuwa na hila yake: watumwa analeta msimu wa kulima, mavuno yakiisha anawarudisha Kentucky, ili asije mtu akadai kwamba wamekuwa wakazi. Mwaka 1845 alimleta Jane Bryant na watoto wake. Wakakaa miaka miwili. Mume wa Jane, Anthony, alikuwa ameshakuwa mtu huru. Mwanamke aliyekuwa mwangalizi wa nyumba ya Matson alipotishia kwamba watoto watauzwa kusini, familia ile ilitoroka usiku ikakimbilia kwa watu wawili waliouchukia utumwa, Gideon Ashmore na daktari Hiram Rutherford. Matson akaenda mahakamani kudai mali yake. Mama na watoto wakawekwa jela. Mali iliyopotea huwekwa jela ili isipotee tena.

Oktoba 1847, katika mji wa Charleston, wakili mmojawapo wa Matson alikuwa Abraham Lincoln.

Rutherford alikuja kusimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyemwendea Lincoln kwanza kuomba msaada, na Lincoln akamjibu kwa huzuni kwamba upande wa Matson umeshamwahi. Kisha akatuma neno kwamba ameweza kujitoa na sasa yuko tayari. Rutherford alikuwa amekwisha kasirika na kuajiri mwingine. Basi Lincoln akasimama na Matson. Wenzake walisema hakuwa na moto siku ile. Alikubali waziwazi kwamba kama Jane aliletwa kukaa moja kwa moja, basi ni huru. Akashikilia tu kwamba Matson alikusudia akae kwa muda. Majaji wakaikataa hoja hiyo. Jane Bryant na watoto wake wakatangazwa huru, na familia ikaishia Liberia.

Nililia niliposoma. Huyu ndiye aliyekuwa ameshasema katika Bunge la jimbo, mwaka 1837, yeye na mbunge mwenzake mmoja tu, kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma. Huyu ndiye aliyesimama mwaka 1841 katika shauri la Bailey na Cromwell, mahakama kuu ya Illinois ikatamka kwamba katika jimbo hili mtu huhesabiwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na binti mweusi aliyeitwa Nance akawa huru kwa shauri hilo. Miaka sita tu baadaye anaazimisha kinywa chake kwa Matson. Na alikuwa tayari mbunge mteule wa Bunge la Marekani, wiki chache kabla ya kwenda Washington.

Nilijaribu kumtetea kama ninavyojitetea mimi: kazi ni kazi. Lakini haifanani. Mimi nimekula kiapo cha kuwasemea wote waliomo ukumbini, nisichague. Kiapo changu ndicho kinachonisafisha. Wakili anachagua. Angeweza kusema hapana kabla ya Matson hajamaliza sentensi, na asingelala njaa. Kuna barua yake ya Agosti 1855 kwa Speed, yule wa kitanda kimoja, ambamo anamkumbusha safari yao ya meli mwaka 1841 walipoona watumwa kumi au kumi na wawili wamefungwa pingu pamoja, na anasema kumbukumbu ile ilimtesa siku zote. Katika barua hiyohiyo anasema anachukia kuona watu wakiwindwa na kurudishwa kwenye viboko, lakini anauma mdomo na kunyamaza. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Anauma mdomo. Mimi naujua mdomo huo.

Nikaenda Charleston. Nilichukua siku ya mapumziko nikaendesha gari peke yangu, nikalala Springfield, asubuhi nikaendelea mashariki katikati ya mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Nilidhani nakwenda kuona mahali pa Jane Bryant. Nilikuwa sijafikiri vya kutosha kwamba mji huohuo ndio uliomsikia Lincoln mara nyingine, akisema kwa kinywa chake mwenyewe, bila mteja.

Katikati hapo alikuwa amekwenda Washington kipindi kimoja, akaipinga vita ya Marekani dhidi ya Mexico, akarudi 1849 bila umaarufu, akajifungia kwenye uwakili. Kilichomtoa ni sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854, iliyofungua mlango wa utumwa kuenea kwenye ardhi mpya. Oktoba mwaka ule, Peoria, alisema kwa sauti kile alichokuwa amekimeza, kwamba utumwa wenyewe ni dhuluma ya kutisha. Mwaka 1855 aligombea Seneti, na alipoona kura hazitamtosha akawaambia watu wake wampe Lyman Trumbull, ili asishinde mtu wa upande wa sheria ile. Mwaka 1858 akagombea tena dhidi ya seneta Stephen Douglas, na wawili hao wakajibizana hadharani katika miji saba ya Illinois. Wa nne ulikuwa Charleston, tarehe 18 Septemba 1858, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, mbele ya maelfu ya watu.

Douglas alikuwa anamwandama kwamba anataka kuwafanya weusi sawa na weupe. Lincoln akafungua hotuba yake kwa kusema kwamba hataki, na hajawahi kutaka, usawa wa kijamii na wa kisiasa kati ya weupe na weusi. Kwamba hataki weusi wapige kura, wala waketi kwenye juri, wala washike ofisi, wala waoane na weupe.

Nilisimama kwenye uwanja ule, mwanamke mweusi wa Kasulu, upepo wa mahindi unanipiga, nikayasoma maneno hayo kwa sauti ya chini kwa Kiingereza. Halafu kwa mazoea nikayageuza kwa Kiswahili. Nafsi ya kwanza. "Mimi sitaki." Nikashindwa kumaliza.

Nimelifikiria sana, na hili ndilo ninaloliamini. Mawakili waliozunguka naye walisimulia ufundi wake mkubwa mahakamani: alikuwa anakubali. Mpinzani akileta hoja, yeye anasema sawa, hiyo nakupa. Na hiyo pia. Anaachia hoja moja baada ya nyingine mpaka watu wanadhani ameshindwa, kisha anashika ile moja iliyobeba shauri zima, na hapo hang'oki. Ni hekima kweli mahakamani. Ada, tarehe, maneno ya kejeli, unaweza kuyaachia kwa sababu ni ya mteja wako na mteja amekutuma. Charleston alifanya ufundi uleule. Alishika moja, kwamba utumwa ni kosa na usienee, akaachia mengine yote. Ila vile alivyoviachia havikuwa vyake. Ilikuwa kura ya mtu mwingine, kiti cha mtu mwingine kwenye juri, heshima ya watu ambao hawakuwapo uwanjani kumtuma wala kumkataza. Jane Bryant hakumpa wakala huo.

Na bado alishindwa. Wabunge wa jimbo ndio waliochagua seneta siku zile, wakamrudisha Douglas.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nayapita haraka. David Davis, jaji wao wa kule kwenye mizunguko, ndiye aliyemsimamia Chicago mwaka 1860 mpaka chama kikamteua. Alishinda urais Novemba. Alipoondoka Springfield Februari 1861 alimwomba William Herndon, mshirika wake wa ofisi, aache kibao chao kining'inie, kwamba akijaliwa uzima atarudi waendelee na kazi kama vile hakuna kilichotokea.

Nilichotaka kukiona ni kama kinywa chake kilikuja kuwa chake. Tangazo la Uhuru la tarehe 1 Januari 1863, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, ukilisoma unasikia karani wa mahakama. Limetaja majimbo, likatoa maeneo fulani ya Louisiana na Virginia moja moja kwa majina, likajifunga kwenye mamlaka ya amiri jeshi wakati wa vita. Watu wamelilaumu kwa ukavu huo, nami naona ukavu ule ndio ulioliokoa. Jaji Mkuu bado alikuwa Roger Taney, yule aliyeandika uamuzi wa Dred Scott mwaka 1857 kwamba mweusi hawezi kuwa raia. Hati yenye maneno matamu na msingi mbovu ingempa Taney kazi rahisi. Siku ya kutia sahihi, Lincoln alikuwa ameshikana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa nyingi, mkono ukawa unatetemeka. Alihofia kwamba sahihi ikitetemeka watu wa baadaye watasema alisita. Akaandika polepole jina lake lote, Abraham Lincoln. Kwenye barua zake za kawaida alikuwa anaandika A. Lincoln tu.

Halafu akafuata Katiba yenyewe, ambayo hakuna jaji wa kuitengua, na tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya kumi na tatu, ya kufuta utumwa, kwa kura 119 dhidi ya 56.

Tarehe 11 Aprili 1865, vita ikiwa karibu imekwisha, alisimama kwenye dirisha la Ikulu akisoma hotuba kwa mwanga wa mshumaa. Alisema angependa baadhi ya weusi wapewe kura, wale wenye elimu na wale waliopigana kama askari. Ni neno dogo. Ni baadhi tu. Lakini ni lile alilokuwa ameliachia Charleston, na safari hii hakuwa na mteja wala Douglas wa kumjibu. Katika umati ule alikuwamo John Wilkes Booth. Siku tatu baadaye alimpiga risasi.

Kule ninakofanyia kazi nimeona weusi wakiapishwa kuwa wajumbe wa juri. Kila mara naikumbuka hotuba ya dirishani, na kila mara naukumbuka uwanja wa maonyesho. Sijaweza kuchukua moja nikaiacha nyingine.

Yule mama nilimwona tena. Ilikuwa duka la vyakula vya kwetu, mbele ya friji ya sombe, kisamvu cha Wakongo. Nilitaka kupita upande wa pili, kwa kuwa kanuni haituruhusu kuzungumza mashauri ya watu nje ya mahakama, na kwa kuwa niliogopa. Akaniwahi.

"Yaya," akasema, "siku ile maneno yake uliyasema kwa nguvu kabisa."

Sikujibu.

"Na yangu uliyasema vile vile?"

"Vilevile, mama. Yote."

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua pakiti mbili za sombe, moja akaitia kwenye kikapu chake na moja kwenye changu.